Benoni au Benyamini: jina la mtoto aliyezaliwa njiani

Huku kwetu Kivu, jina la mtoto mara nyingi linasimulia siku aliyozaliwa. Ndiyo maana tuna akina Mateso, Shida, Masumbuko na Tabu wengi. Mimi nina ndugu mwenye jina la namna hiyo, na kila mara watu wanamuuliza kilichowapata wazazi wake.

Hivi karibuni jamaa moja ya jirani ilifiwa na mama akijifungua. Mama wa marehemu anataka mtoto aitwe Benoni. Baba wa mtoto amekataa. Wakaniuliza jina hilo linatoka wapi.

Linatoka Mwanzo 35. Yakobo na watu wake walikuwa wametoka Beteli, wanaelekea Efrata, ndiyo Betlehemu. Njiani Raheli akashikwa na uchungu mkali. Zamani, alipomzaa mwana wake wa kwanza, alimwita Yosefu, jina la kumuomba Mungu amuongezee mwana mwingine. Sasa huyo mwingine alikuwa anakuja, na kumzaa kulimuua mama. Roho ikimtoka, alimwita Benoni.

Kwa Kiebrania, ben ni mwana. Oni hapa wengi wanaifahamu kuwa huzuni yangu: mwana wa huzuni yangu. Lakini oni inaweza pia kuwa nguvu yangu. Katika Mwanzo 49, Yakobo analitumia neno hilo akimtaja Rubeni, mzaliwa wake wa kwanza.

Hata hivyo Yakobo alimwita mtoto Benyamini. Yamini ni mkono wa kuume, upande wa heshima. Ni kusini pia, kwa sababu Waebrania walihesabu pande za dunia wakiwa wameelekea mashariki. Na kati ya wana 12 wa Yakobo, huyu ni yeye peke yake aliyezaliwa Kanaani, kusini ya Padan-aramu walikozaliwa wengine.

Je, baba alifuta neno la mwisho la marehemu? Mimi sioni hivyo. Mwanzo inayataja majina yote mawili, na Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Huzuni ilipewa mahali pake, pale kaburini. Mtoto hakubebeshwa. Katika kabila lake alitoka Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, na baadaye mtume Paulo.

Basi nilimwambia yule mama: kumbukumbu ya binti yako tuiweke kwenye kaburi lake, na mtoto tumsimulie akikua. Lakini shuleni aitwe jina ambalo halitamfanya ajione kama ndiye aliyemuua mama yake. Na wewe ndugu ambaye tayari unaitwa Mateso, usione haya. Kumbuka oni ina maana mbili.

Jamaa bado wanazungumza. Mtoto anaendelea vizuri.