Ulikuwa unakwenda wapi?

Kuna kiprogramu nilikiandika, kikanigombanisha na rafiki wa chumba cha jirani.

Darasani tulichoka kujiandikisha makundi ya mafunzo kwa vitendo kwenye karatasi. Nikatengeneza programu, nikawatumia wenzangu linki ya ukurasa wa nafasi. Jamaa akaibonyeza, bando lake likiwa linakata roho. Programu ikataka neno la siri, akaandika. Badala ya kumpeleka kwenye nafasi, ikamtupa ukurasa wa mwanzo: "Karibu!" Akiwa anahangaika kutafuta, bando likaisha. Alipopata salio, kundi la karibu na kwao limejaa. Duh! Hapo angelala nyumbani. Sasa itabidi apange chumba mji wa watu.

Nikajitetea, "Si ungebonyeza menyu tu?"

Akanijibu, "Ukienda wodini kumwona mgonjwa, mlinzi akishakuuliza jina anakurudisha stendi?"

Nikanyamaza.

Usiku nikakaa na programu yangu. HTTP haina kumbukumbu: kwa seva, kila ombi ni geni. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kuingilia, lazima uiandike pembeni anwani aliyoiomba, kwenye sesheni yake. Neno la siri likikubali, unaisoma, unaifuta, unampeleka huko kwa jibu namba 302. Mistari michache tu, jamani!

Ila msikurupuke. Wengine huibeba anwani hiyo ndani ya linki yenyewe. Hapo tapeli anaweza kuchomeka anwani ya tovuti yake: mtu anaingia kwako vizuri, anatua kwa mwizi, anaombwa neno la siri tena, analitoa bila wasiwasi. OWASP waliiweka kwenye orodha yao ya hatari kumi mwaka 2013. Kwa hiyo hakikisha kwanza anwani ni ya tovuti yako. Kama siyo, basi mpeleke ukurasa wa mwanzo.

Nimesharekebisha, inafanya kazi. Lakini marekebisho hayamrudishii mtu nafasi. Na mimi, bwana mwenye programu, nilikuwa nimeshajiandikisha kundi lile lile mapema. Jana nimemwachia nafasi yangu.

Mwenye kujua chumba cha bei nafuu aniambie. Siku njema.