Mpwa, Betri na Stata

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Mpwa kaja gereji, Msamvu. Kasimama, hasemi. Nikajua ni hela. Anataka pikipiki ya umeme. "Mjomba, mafuta yananimaliza." Tangu Rais aizindue treni ya umeme ya SGR Alhamisi, mji mzima unaota umeme. Nimemwambia nitafikiria.

Usingizi hauji. Gari la umeme wala si jipya, hilo ndilo linanikera. Mwaka 1900 Marekani walitengeneza magari 4,192. Ya umeme 1,575! Na wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa kwenye gari, 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy, alikuwa kwenye gari la betri. Sasa yakaishia wapi?

Jumatano, 7 Agosti
Stata asubuhi, stata mchana. Kucha zote grisi.

Nimemkumbuka babu, utingo wa Bedford njia ya Matombo. Hendeli ya kuwashia injini ilimrudia ikamvunja mkono, ukaunga umepinda. Basi petroli ndivyo ilivyokuwa kote: hendeli, moshi, kelele. La umeme unakaa, unaondoka. Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric. (Nimecheka peke yangu.) Halafu 1912 Cadillac wakatoka na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Hendeli kwisha habari yake. Huku Model T inazidi kushuka bei, petroli inafika mpaka shamba, umeme umebaki mjini. Detroit Electric wakajikongoja hadi 1939, wakafunga.

Yaani umeme kidogo tu ndani ya gari la petroli ndio uliolimaliza gari la umeme. Na mimi ugali wangu wote umetoka kwenye stata hiyohiyo. Haya.

Ijumaa, 9 Agosti
Umeme umekatika. Mpwa kapiga simu, sijapokea.

Jumapili, 11 Agosti
Mgeta, kumwona dada. Barabara ya Nyandira ni ileile: mlima, kona, vumbi. Vijana wanashusha kabichi na karoti kwa pikipiki, magunia yamewazidi kimo. Ya umeme, kushuka sina wasiwasi, mota yenyewe inarudisha chaji kidogo. Kupanda sasa! Petroli ikikuishia, kibandani wanakuuzia ya chupa ya maji. Betri utaipata kwenye chupa gani? Hapo ndipo wale wa zamani walipokwama, na hapo bado pamekaa palepale.

Dada hataki hesabu zangu. "Mpe. Mjomba wake ni wewe, hana mwingine."

Jumatatu, 12 Agosti
Nimempa nusu. Sharti moja: abebe abiria mjini, Kihonda, Msamvu, Mazimbu, kwenye tambarare. Kabichi za Nyandira awaachie wa petroli. Kakubali haraka mno, sijapenda.

Akauliza, "Ikiharibika utanitengenezea, mjomba?"

Taa na waya nitaweza. Stata haina.