Skuli Iliyojengwa Juu ya Kijito

Katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki ya China, kuna kijiji kiitwacho Xiashi. Hapo zimesimama ngome mbili za kale za udongo, ziitwazo tulou, ambazo kila moja ilikuwa maskani ya ukoo mzima. Husimuliwa kuwa koo hizo mbili zilikuwa na uhasama, na kijito kipitacho kati yao kikawa mpaka.

Mwaka 2009 ilikamilika skuli aliyoisanifu Li Xiaodong, ya chuma na mbao, imelala juu ya kijito hicho hicho mfano wa daraja. Ilikuwa na madarasa mawili, na maktaba ya wanakijiji wote; chini yake likaning'inizwa daraja la waendao kwa miguu. Ncha zake ziliweza kufunguliwa zikawa jukwaa, kila moja ikielekea ngome yake. Mwaka 2010, huko Doha, ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Tazameni hekima yake: hakuzivunja nyumba za wazee, wala hakujenga upande mmoja, wa pili ukanuna. Alijenga pale palipokuwa mpaka, watoto wakakutana. Basi nasi tunapochanga fedha za chuo au maktaba mtaani, tusiulize gharama tu. Tuulize pia, jengo hili litawakutanisha nani?