Uzito wa Mbele

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka kwamba mzee wa miaka sabini na mitano ameacha kuku na migomba yake akahangaika na kamera, naomba unipe nafasi nijieleze. Mimi ni mzaliwa wa Kibiti. Nilisomea ualimu Mpwapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha, kisha nikawa mwalimu mkuu katika shule kadhaa za msingi huku kwetu, tangu enzi ambazo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, hadi nilipostaafu mwaka 2010. Kamera hiyo sikuinunua. Mwanangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat aliniletea alipokuja likizo mwaka 2012, pamoja na lenzi moja ndefu, nyeusi, nene kama kipande cha mchi.

"Baba," akaniambia, "hii itakufaa kwa ndege wa Delta."

Ni kweli ilinifaa. Huko Delta, katikati ya mikoko, misinzi na mikandaa, ukikaa kimya ndani ya mtumbwi utamwona furukombe amesimama juu ya mchu kama hakimu, na mdiria akiangalia maji bila kupepesa jicho. Ndege hao hawamngoji mtu asogee. Bila lenzi ndefu utarudi na picha ya majani matupu. Lakini lenzi ndefu ni nzito, na uzito wake wote uko mbele. Siku ya kwanza niliponyanyua chombo kile kwa mkono wa kulia, kiliinamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji.

Sasa nieleze jambo lililonisukuma kuandika haya. Mwaka 2013 mama watoto alikuwa anasafiri kwenda Mafia kumwona dada yake aliyejifungua. Nilimsindikiza mpaka Nyamisati. Mke wangu hakupenda kabisa kupigwa picha. Kila nilipoinua kamera alijifunika kwa kanga. Siku ile, sijui kwa nini, alikuwa na furaha. Alitembea majini kuelekea kwenye mashua, kapu la mchele kichwani juu ya kata, mikono yote miwili ameiachia, akageuka kunitazama huku anacheka. Mtu aliyesimama na kapu kichwani ni picha ya wima, haina mjadala. Nikaigeuza kamera wima, nikabonyeza mara moja. Kufumba na kufumbua akawa amepanda mashua.

Jioni niliitazama picha ile. Kuna maji, kuna miguu, kuna kanga kuanzia kiunoni kushuka chini, na vyote vimetikisika. Kapu halimo. Uso haumo.

Nilimlaumu nani? Kamera. Nilisema imeelemewa. Mwezi uliofuata nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikaenda Kariakoo katika duka moja la vifaa vya picha, na kijana aliyekuwepo akanisikiliza kwa adabu zote. "Mzee, wewe unahitaji kishikio cha betri," akasema. "Ukikifunga hapa chini, kamera inakuwa nzito nyuma, lenzi haitainama tena." Kwa mtu wa pwani maneno hayo yaliingia akilini upesi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga chini, ili lisilale upande. Nikaona hiyo ndiyo farumi yangu. Nililipa fedha nyingi, ambazo sitazitaja hapa kwa kuwa watoto wangu watakisoma kitabu hiki.

Niliporudi nyumbani kamera ilijaa mkononi vizuri zaidi. Kidole cha mwisho, ambacho zamani kilikuwa kinaning'inia kama yatima, kikapata pa kukaa. Lakini pua iliendelea kuinama. Mwalimu hawezi kulala na swali la namna hiyo. Kesho yake nilibeba vitu vyangu mpaka duka la jirani, nikaviweka kwenye mizani ya sukari. Kamera gramu 900. Lenzi kilo moja na nusu. Kishikio na betri zake gramu 400. Kisha nikaweka penseli kwenye ukingo wa meza, nikalaza lenzi juu yake, kamera ikining'inia nje ya meza, nikawa naisogeza mbele na nyuma mpaka pande zote zikatulia. Bila kishikio, mahali pa mizani palikuwa kwenye lenzi, sentimita nne na nusu hivi mbele ya pale inapoungana na kamera. Pamoja na kishikio, palikuwa sentimita tatu na nusu.

Sentimita moja, ndugu msomaji! Gramu 400 za ziada, nauli ya kwenda na kurudi, na zile fedha nisizotaja, kwa sentimita moja.

Hesabu yake ni ileile ya wenzo niliyowafundisha watoto wa darasa la sita kwa rula na sarafu: uzito mara umbali. Kitovu cha uzito wa ile lenzi kiko kama sentimita tisa mbele ya kiungo. Kishikio hakikai nyuma ya kamera. Kinakaa chini yake, na umbali wake kwenda nyuma ni kama sentimita tatu tu. Ili kuishinda lenzi kwa njia hiyo ningehitaji kishikio cha zaidi ya kilo tatu, na hapo ingebidi nitafute mpagazi. Farumi hutuliza jahazi kwa sababu jahazi linabebwa na maji. Kamera inabebwa na mikono, na kila gramu unayoongeza mikono inailipia.

Sisemi kwamba kishikio hakina kazi. Kina kitufe cha pili cha kupigia picha, ambacho ukigeuza kamera wima kinakuja pale pale kidole kilipo, hivyo kiwiko cha kulia hakilazimiki kupaa juu kama bawa la kuku. Kiwiko kikibaki karibu na mbavu picha hutulia. Tena huku kwetu, ambako vijiji vingi vya Delta vinategemea paneli za jua, kuwa na betri mbili kwa pamoja si anasa. Lakini dawa ya kuinama ni mkono wa kushoto. Mkono huo huwekwa chini ya lenzi, pale pale penseli ilipokaa, kiganja kikitazama juu, na mkono wa kulia uachiwe kazi ndogo ya kushika na kubonyeza. Hata ukitumia stendi ya miguu mitatu, lenzi kubwa ina pete yake ya kufungia stendi. Usifunge kwenye kitako cha kamera, utakikamua kile kiungo bure.

Wanawake wa Rufiji walilijua jambo hili kabla kamera hazijabuniwa. Hakuna anayebeba mtungi kwa kuushika ukingo. Unautafutia kitovu chake, unauweka juu ya kata, na shingo inafanya mengine. Mchukuzi wa mzega naye hasogezi mizigo, husogeza bega.

Nikimfikiria mkono wa kushoto humkumbuka Mohamed Amin, yule mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambaye filamu zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliiamsha dunia. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa naye akiwa kazini, akapoteza mkono wake wa kushoto. Ndio huo huo unaobeba lenzi. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Mtu huyo hakupata kulalamika mbele ya mwenye duka kwamba kamera imeinama.

Basi, na mkono wangu mimi wa kushoto ulikuwa wapi siku ile Nyamisati? Kwa miaka mingi sikutaka kujiuliza. Ulikuwa hewani. Nilikuwa nimeunyoosha, kidole mbele, nikimwamuru mama watoto asimame, ageuke, asogee kulia. Kama ninavyopanga wanafunzi mstarini. Yeye alikuwa amekwisha geuka mwenyewe, anacheka, na mimi ninatoa amri huku kilo mbili na nusu nimeziachia mkono mmoja, tena wima. Kishikio kingesaidia kidogo, huenda. Kunyamaza kungesaidia zaidi.

Alifariki mwaka 2019. Picha zake zilizobaki ni ile ya kitambulisho na ile ya miguu.

Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, mashamba ya mpunga yakalala chini ya maji. Agosti, maji yalipokwisha kupungua, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaniletea habari kwamba dungu la wazazi wao upande wa Mbwera limechukuliwa, zimebaki nguzo mbili, nazo ukingo unamegeka. Katika dungu lile mke wangu alilinda ndege utotoni. Akaomba nikazipige picha kabla hazijaondoka.

Wakati huo mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka, na ninaandika haya ikitetemeka zaidi. Usiku wa kuamkia safari nilikaa na bisibisi kichwani, nikijadiliana na nafsi yangu. Hatimaye nilikifungua kile kishikio nikakiacha kabatini. Gramu 400 ni nyingi kwa mzee. Badala yake nikatoa sandukuni kata ya marehemu, kanga iliyosokotwa na kufungwa, nikaiweka mfukoni pamoja na lenzi, kwa kisingizio kwamba lenzi isigongwe.

Tulipofika mahali penyewe shemeji alichomeka pondo kwenye tope kuutuliza mtumbwi. Stendi ndani ya mtumbwi haifai, kila pumzi ya mtu inapanda nayo. Nikaweka kata juu ya ukingo wa mtumbwi, nikalaza lenzi juu yake, mkono wa kushoto ukiwa hapo hapo kati ya kanga na lenzi.

Shemeji aliitazama kata ile kwa muda.

"Shemeji, hii si ya dada?"

"Ndiyo yake."

Hakusema zaidi. Aliushika pondo kwa mikono miwili akatulia, nami nikatulia. Nilipiga picha nne. Nguzo zote mbili zimo, na maji, na mkoko mchanga uliochipua katikati yake. Hazijatikisika.

Wakati wa kurudi wimbi la boti ya Nyamisati liliturushia maji, kata ikalowa. Nilipofika Kibiti niliianika kwenye kamba ya nguo. Jioni mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, niifue kwa sabuni?" Nikamwambia aiache ikauke hivyo hivyo.