Habari Zetu Tuzitoe Wenyewe

Sisi watu wa Lamu tumezoea kupigwa picha na wageni: punda, majahazi, mabuibui. Lakini habari zetu azitoa nani?

Mimi moyo nimeupata kwa Bi. Anne Mungai. Mwaka wa 1992 alitoa filamu ya Saikati, akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo nchini Kenya kuongoza filamu ndefu. Humo, msichana wa Kimaasai ataka kusoma awe daktari, na wazee wataka aolewe na mwana wa chifu. Akakimbilia Nairobi.

Nilipomwambia mama nataka kazi hiyo, aliguna: "Na mume utamwambiaje, mwanangu?" Nikanyamaza kwa adabu. Lakini fomu ya chuo nitaijaza, na radhi yake nitaiomba tena. Wasichana wenzangu, niombeeni dua.