Lugha na Safari

Mtu ajifunzaye lugha ya kigeni hutoka kwao bila ya kufunga mizigo. Huingia katika nyumba za watu asiowajua, akasikiliza jinsi wanavyosalimiana, wanavyokula, wanavyoomba na wanavyokataa. Ndiyo sababu walimu wengi wa Kiingereza hupenda kuwapa wanafunzi wao mazungumzo juu ya safari na desturi za mataifa. Hapana shaka mada hizi ni njema. Msafiri hulazimika kuuliza na mwenyeji hulazimika kujibu, na lugha hukua kwa kuulizana na kujibizana. Walakini nimeona katika Nairobi kwamba mbegu moja yaweza kuzaa matunda matamu au makapi kwa kadiri ya mkono uipandao. Katika insha hii nataka kueleza niliyoyaona Kibera na Kawangware, ambako kwa miaka kadhaa nimekaa na vijana na watu wazima wanaojizoeza Kiingereza jioni, baada ya masomo na kazi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa sheria, basi, Kiingereza si mgeni katika nchi hii. Lakini sheria ni kitu kimoja na ulimi ni kitu kingine. Mtoto wa Kibera aghalabu husikia Kijaluo, Kiluhya, Kikamba au Kinubi nyumbani, Kiswahili na Sheng njiani, na Kiingereza darasani. Hukutana na Kiingereza katika kitabu, katika mtihani na katika barua ya kuomba kazi. Hakutani nacho jikoni, wala bombani penye foleni ya mitungi. Kwake yeye Kiingereza ni mgeni mwenye funguo za nyumba: hakijui vizuri, lakini milango mingi haifunguki pasipo hicho.

Na mahali penyewe ni pa wasafiri. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaweka hapo askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, pamoja na jamaa zao. Wajukuu wa askari hao wangali wako, hasa katika mtaa wa Makina, na mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, jamii yao ilipewa hati ya ardhi ya eka 288. Mtaa mmoja wa Kibera waitwa Lindi, kama mji ulioko kusini mwa Tanzania. Mwingine waitwa Kisumu Ndogo, kana kwamba watu walikuja na mji wao mkobani. Kawangware iko upande wa Dagoretti, nayo imepakana na Lavington, mtaa wa watu wenye nafasi. Kila asubuhi watu wengi hutoka Kawangware kwa miguu kwenda kufua, kupika, kulima bustani na kulinda malango huko Lavington. Safari yao si ndefu kwa hatua, lakini kwa desturi na lugha ni safari ya kutoka nchi moja kuingia nyingine.

Mgeni yeyote aliyepita Kibera ameisikia sauti ya watoto wadogo wakimwimbia kwa pamoja salamu ya Kiingereza ya kuuliza hali: “Hawayu! Hawayu!” Sauti hiyo hufurahisha, na wageni wengi hupiga picha wakaenda zao. Mimi hunifanya nifikiri. Katika salamu zetu, anayeuliza habari hungoja habari. Ukimwuliza mzee habari za nyumbani, husimama akakueleza habari za nyumbani. Ukimwamkia shikamoo, huondoki kabla ya marahaba. Salamu ile ya watoto haina mstari wa pili. Huruka kama jiwe lililotupwa bondeni na hakuna anayelirudisha. Mgeni amefanya safari ya maelfu ya maili kuja kutazama, na mtoto amesimama mlangoni kwao akitazamwa. Wote wawili wametumia lugha moja na hapana hata mmoja aliyejua jina la mwenziwe. Nikawaza: mtoto huyu atapata wapi mstari wa pili, na wa tatu, hata yawe mazungumzo?

Mstari wa pili hautoki katika kukariri. Katika darasa letu kitabu kilitoa mada ya safari ya ndege. Wanafunzi kumi na wanane waliandika, na kumi na mmoja kati yao walisema kwamba mawingu yalikuwa kama pamba na kwamba moyo uliwadunda kama ngoma. Hapana hata mmoja wao aliyepata kupanda ndege. Siwalaumu, maana sentensi hizo huzunguka kutoka daftari hadi daftari kwa sababu huaminika kwamba zina alama za mtihani ndani yake. Lakini jaribu kumwuliza mwandishi wa sentensi kama hiyo swali moja tu juu ya safari yake: alikaa karibu na nani? Hunyamaza. Maneno yake ni ya kuazima, na mwenye kuazima nguo hachelewi kuulizwa na mwenyewe.

Basi juma lililofuata niliwapa kazi nyingine. Niliwaambia waandike kwa Kiingereza safari ya miguu kutoka soko la Toi mpaka Kawangware: kufuata Ngong Road, kupita mbele ya ofisi za idara ya hali ya hewa, kufika Kona ya Dagoretti, kisha kuishika Naivasha Road. Wamtambulishe njia hiyo mtu ambaye hajapata kufika Afrika, ili mtu huyo aweze kuifuata na asipotee. Walicheka kwanza. Mmoja aliniuliza kama Kiingereza chaweza kutumiwa kwa mambo madogo kama hayo. Swali hilo lilinionyesha ukubwa wa ugonjwa: kijana yule aliamini kwamba lugha ile ina heshima mno kuweza kugusa vumbi la kwao.

Walipoanza kuandika walitoka jasho. Mtu ambaye hajafika Afrika hajui matatu ni nini; lazima aelezwe jinsi utingo anavyoning'inia mlangoni akiita abiria na kupokea nauli. Hajui githeri, lazima aambiwe kwamba ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Hajui mitumba, lazima aelezwe jinsi nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zinavyosafiri katika marobota mpaka Toi, na jinsi mnunuzi anavyopunguziwa bei kwa maneno. Kila walipofika penye kitu kisicho na jina katika Kiingereza, walilazimika kukitazama upya wenyewe. Binti mmoja, ambaye daftari lake la ndege lilikuwa na nusu ukurasa, alijaza kurasa tatu juu ya mama mmoja achomaye mahindi kando ya njia. Nilipomwuliza maswali alijibu yote kwa Kiingereza, akasahihishwa, akaendelea, kwa sababu safari hii aliyajua majibu.

Kazi hiyo ilifichua pia mitego iliyojificha baina ya lugha mbili. Kiswahili husema “yeye” kwa mwanamume na mwanamke, na Kiingereza hutaka kujua kila mara ni yupi. Ndiyo maana babu hugeuka bibi katikati ya habari. Huo ni mtego mdogo, watu hucheka yakaisha. Mingine hugharimu. Kijana mmoja wa darasa letu hujipatia riziki kwa kuwatembeza wageni Kibera. Aliagana na wageni wawili waonane saa mbili asubuhi, akawatajia kwa Kiingereza ile ile mbili. Sisi huhesabu saa tangu macheo, nao Waingereza huzihesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Mbili yao ya mchana ni saa nane yetu. Alingoja tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, akaondoka. Wageni walifika alasiri, wasimwone, wakachukua mtu mwingine. Alitafsiri hesabu, hakutafsiri saa, akapoteza ujira wa siku nzima.

Mtego wa pili ni neno “pole”. Mwanamke mmoja wa Kawangware aliyefanya kazi ya nyumba mtaa wa pili alimkuta mwajiri wake mgeni akitazama kikombe kilichovunjika. Akasema kwa Kiingereza “sori”, kwa maana ya kumpa pole, kama vile kila mtu mwenye adabu angempa pole mwenye hasara. Lakini kwa masikio ya mwajiri neno lile lilikuwa la mwenye kukiri kosa. Mwisho wa mwezi thamani ya kikombe ilikatwa katika mshahara wake. Alituhadithia habari hiyo akiwa na machozi, si kwa ajili ya fedha peke yake, bali kwa sababu utu wake ulihesabiwa kuwa ungamo. Hakuna kamusi ingeweza kumwokoa, kwa kuwa kamusi nyingi huyaweka maneno hayo mawili bega kwa bega. Kilichohitajika ni ujuzi wa desturi: kwamba sisi tunalo neno la kushiriki huzuni ya mwenzetu hata kama hatukuileta, na Kiingereza cha mwajiri yule kilitaka sentensi nzima ya kueleza hivyo.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini safari na desturi ni mada zinazofaa kwa mwanafunzi wa lugha. Hazifai kwa sababu zinazungumzia theluji na hoteli. Zinafaa kwa sababu zinamweka mtu mpakani, mahali ambapo mambo aliyoyadhani ya kawaida kwa watu wote huonekana kuwa ya kwao tu. Mwaka 1896 Mswahili mmoja, Salim bin Abakari, alifuatana na Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaieleza safari yake kwa Kiswahili. Habari zake zilichapishwa mwaka 1901 na Carl Velten katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Huyu alikuwa mtu wetu aliyeitazama Ulaya, akaihukumu kwa macho yake na kuieleza kwa ulimi wake. Kijana wa Kibera aliyezoea kutazamwa na wageni angefaa kujua kwamba hata sisi tuliwahi kwenda kutazama.

Maneno nayo husafiri. Neno “safari” tulilipata kwa Waarabu, na Waingereza wakalichukua kwetu. Leo ni neno lao katika kila kitabu cha watalii. Meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, kitabu kwa Waarabu, baiskeli kwa Waingereza. Kinubi cha Makina kilizaliwa kwa Kiarabu kuchanganyika na lugha za askari waliotoka pande nyingi. Hakuna lugha iliyokaa nyumbani siku zote, wala hakuna iliyodhalilika kwa kuazima. Anayezungumza Kiingereza leo amekwisha kukaa na deni letu mdomoni bila ya kujua.

Lakini kuna bei ambayo haifai kulipwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa zama za ukoloni walivyopigwa au kuvikwa kibao cha aibu kwa kosa la kusema Kikikuyu shuleni. Kibao kile kiliwafundisha kwamba mlango wa elimu hufunguka kwa kumfungia mama nje. Siku hizi vibao vile vimetoka shingoni, walakini kivuli chake hakijatoka moyoni mwa kila mtu. Kijana anayeona haya kuandika juu ya mahindi ya kuchoma amekivaa bila ya kuvikwa. Kiingereza chake kitakuwa safi, tena tupu.

Kwa hiyo, msomaji kijana, ukitaka kujizoeza Kiingereza kwa habari za safari na desturi, anza pale unaposimama. Eleza njia ya kwenu kwa mtu asiyeijua. Mwulize mzee wa jirani alitoka wapi na kwa nini alikuja Nairobi, kisha yaandike majibu yake kwa Kiingereza na umrudishie kwa Kiswahili asikie kama hukumsingizia. Nenda katika Makumbusho ya Taifa au katika maktaba, uchague kitu kimoja, ukieleze. Ukikutana na mgeni, mpe salamu yako na ungoje jibu. Kisha mwulize swali la pili juu ya kwao, maana naye ana mama, jiko na mtaa. Kisha, ukifika zamu ya ndege na theluji, utaziandika vema, kwa kuwa utakuwa umezoea kutazama kabla ya kusema.

Kijana wa wageni siku hizi hutaja saa mara mbili, kwa hesabu yetu na kwa hesabu yao, na huwauliza wageni warudie. Yule mwanamke alikaa nasi jioni nne akizoea sentensi tatu: kwamba alisikitika kwa ajili ya hasara, kwamba si yeye aliyekivunja kikombe, na kwamba kwao huruma si ungamo. Alikwenda akazisema. Fedha hazikurudi. Lakini mwajiri alikaa kitini, akamwuliza kwa mara ya kwanza neno lile la Kiswahili hutamkwaje, naye akamfundisha.