Bashi ya Remoroki Yetu Kando ya Ziwa Tshangalele

Wengi mmetuuliza kwa nini mwaka huu tulinunua bashi ya bei kubwa, wakati sanduku la kikundi si la kujaa. Leo tunawajibu, na jibu letu linaanzia barabarani.

Remoroki yetu mnaijua. Ni ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili, na juu yake kijumba cha bati na mbao ambacho fundi wa mtaa alituchomelea. Ndani wanaweza kulala watu wazima wawili na watoto watatu, wakibanana. Tuliitengeneza kwa sababu tunapoenda kununua samaki ziwani tunakaa siku 2 au 3, na kule hatupati chumba cha kupanga kwa bei yetu. Lakini kijumba peke yake hakitoshi. Lazima pawe na mahali nje pa kukaa, pa kupika, pa kutengeneza samaki, na pa kulaza wale waliokosa nafasi ndani. Kwa hiyo tulitafuta paa la pembeni, yaani bashi inayofungwa kwenye ukingo wa remoroki na kushikwa mbele na miti.

Safari ya kwanza ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Tulitoka Lubumbashi alfajiri, watu wazima 7 na watoto 4, remoroki ikivutwa na gari dogo la kukodi. Hadi Likasi, kilometa kama 120, ni lami, na kinamama waliimba njia nzima. Baada ya Likasi tuliacha lami, na vumbi jekundu likaingia hata ndani ya chupa ya maji. Wakati huo wa mwaka miti ya pori la miombo inatoa majani mapya, mengine mekundu kama moto, kabla hata mvua haijaanza. Joto ni kali, na kila mchana mawingu yanajikusanya kama yanatisha watu tu. Halafu pori likafunguka, tukaona bonde la Lufira na maji mapana yenye majani.

Ziwa hilo watu ndio waliolitengeneza. Mto Lufira ulizuiwa kule Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi, na kiwanda cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Maji yakatanda juu ya uwanda, ndiyo maana sehemu nyingi hazina kina. Leo ni ziwa la wavuvi. Asubuhi pirogi zinarudi, na wamama wanasubiri ukingoni na mabeseni.

Bashi yetu ya kwanza ilikuwa ya plastiki ya bluu, nyepesi, ya bei ndogo, na tuliipenda kwa sababu ya rangi yake. Vigingi vilikuwa vyembamba kama misumari. Tulipojaribu kuvipigilia kwenye ardhi nyekundu ya juu, vilipinda vyote, maana udongo ule ukikauka unakuwa jiwe. Tukashuka karibu na maji. Hapo viliingia kwa urahisi, kama kidole ndani ya bukari. Tukafurahi.

Mama mmoja mzee wa kijiji alipita na beseni lake kichwani, akasimama, akatazama kazi yetu. Akasema, “Wanangu, kilichoingia bure kitatoka bure. Na hapa upepo unatangulia mvua.” Tulimshukuru kwa heshima, lakini hatukubadili kitu. Tulikuwa tumechoka.

Saa kumi jioni upepo ulikuja kweli. Vigingi viwili viling'oka mara moja, na tukashika kamba kwa mikono. Halafu ikaja mvua. Bashi tulikuwa tumeifunga sawa kama meza, bila mteremko, na maji yakakusanyika katikati. Tufanye hesabu kama darasani: dimbwi la meta 1 kwa meta 1, lenye kina cha sentimeta 5, ni lita 50, yaani kilo 50. Ni mfuko mzima wa saruji unaoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Tundu moja la kamba likapasuka, na maji yote yakamwagika juu ya nguo na samaki.

Mambo hayo yote tungeyacheka sasa. Lakini usiku ule tulifanya kosa lingine, na hilo hatulicheki.

Watoto walikuwa wanatetemeka. Tulisimamisha paa tena, tukalizungusha plastiki na vitenge pande zote mpaka chini, tukabana kila mwanya kwa mawe. Mama Mapasa akaingiza mbabula yenye makaa mekundu ili watoto wapate joto. Hakuna aliyemkataza. Tulisogea karibu, tukaona raha, tukaanza kusinzia.

Baada ya muda mtoto wake mkubwa alisema kichwa kinamuuma. Mmoja wa mapacha akatapika. Tulidhani ni samaki. Mwenzetu ambaye ni muuguzi alijaribu kumwamsha pacha wa pili, na shingo ya mtoto ikalegea. Ndipo akapiga kelele, “Fungueni! Wote nje!” Tulirarua vitenge, tukatoka kwenye mvua na watoto mikononi. Tulikaa pale, tumelowana, tukimwita mtoto kwa jina lake, mpaka akalia. Kilio kile kilikuwa kizuri masikioni mwetu kuliko wimbo wowote. Alfajiri tuliwapeleka kituo cha afya, na Mungu asifiwe, wote walipona.

Muuguzi alitueleza. Makaa yanapowaka hutoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na makaa yasiyo na moshi yanaitoa pia. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na usingizi, na akilala hapo anaweza asiamke tena. Mama Mapasa alilia sana, akisema ni yeye. Tulimwambia, mama, tulikuwa saba pale na wote tulinyoosha mikono kwenye moto ule. Kosa ni letu sote.

Tuliporudi mjini tulikutana kuchagua bashi mpya, na safari hii hatukuanza na rangi. Tuliulizana maswali manne: moto utakaa wapi, maji yatapita wapi, upepo unatoka wapi, na ardhi ya pale itashika nini.

Vitambaa tulivilinganisha hivi. Plastiki nyepesi ni rahisi kubeba, lakini jua linaizeesha upesi na matundu yake yanapasuka. Turubai la pamba linapumua, lina kivuli kizuri, lakini ni zito, na likikunjwa likiwa limelowa linaoza. Bashi ya kamyo ni nzito pia na ina joto mchana, lakini haipitishi maji na matundu yake yana pete za chuma. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya bluu. Tulichagua hiyo, kwa sababu tutaitumia miaka mingi, na tuliamua pande zake zibaki wazi ili joto litoke.

Kipimo chetu ni hiki. Ukingo wa remoroki uko meta 2 na sentimeta 10 juu ya ardhi. Bashi inatoka nje meta 2 na nusu, na miti ya mbele ina urefu wa meta 1 na sentimeta 60. Hivyo inashuka sentimeta 20 kwa kila meta, na maji hayapati pa kukaa. Kamba zinafungwa kwa fundo la kuvuta mara moja, ili upepo ukizidi tuiteremshe bashi kabla haijavuta remoroki yenyewe.

Kwa ardhi ngumu tuna vipande vya ferabeto vya sentimeta 60, vinavyopigiliwa vikiwa vimeinama upande usio wa bashi. Kwa mchanga laini tunajaza mfuko mchanga, tunaufunga kamba katikati, tunauzika kwa kina cha mkono. Hilo tulifundishwa na yule mama mzee, tuliporudi kumwomba msamaha na kilo moja ya sukari.

Na mbabula? Tulikata ile plastiki ya bluu, sehemu iliyobaki nzima, tukatengeneza kipaa chake kidogo, juu, wazi pande zote, hatua kumi kutoka kwa remoroki, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watoto. Usiku watoto wanapata joto kwa blanketi, soksi na uji wa moto. Mbabula haiingii ndani, hata kama makaa yamebaki majivu.

Tumerudi Tshangalele mara mbili na bashi hii. Mara ya pili mvua ilipiga usiku kucha. Tulilala chini ya vyandarua vilivyofungwa kwenye miti ya bashi, tukisikia maji yanamwagika mbele, na asubuhi unga ulikuwa mkavu. Mama Mapasa aliamka mara tatu kuangalia kama mbabula iko mahali pake. Hatukumwambia alale.

Kikundi kinachotaka kutengeneza remoroki kama yetu, mje Jumamosi baada ya mkutano. Itakuwa uwanjani, bashi ikiwa imefungwa. Leteni kamba ya kupimia na daftari. Hata kama hamtanunua chochote, wafundisheni wasichana wenu na wafanyakazi wa nyumbani habari ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mvua zinaanza, na mtu akisikia baridi ni rahisi kusahau.